Melanoma iliyosambaa: namna ya kuchagua tiba ya kinga na kuyawahi madhara yake

Mgonjwa wa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, aliyeanza dripu za tiba ya kinga (immunotherapy, dawa zinazoiachia kinga ya mwili ipigane na saratani) anaanza kuharisha wiki ya sita. Duka la dawa wanampa metronidazoli. Siku tano baadaye zahanati wanampima Widal na kumwandikia dawa za taifodi. Anapofika hospitali ya rufaa utumbo umevimba kiasi cha kukaribia kutoboka, na prednisoloni, steroidi ya kuituliza kinga, ambayo ingemtuliza tangu mwanzo ndiyo kwanza inaandikwa. Kila aliyemhudumia alitibu ugonjwa anaouona kila siku. Hakuna aliyejua mgonjwa huyu yuko kwenye dawa gani.

Hapo ndipo tiba hii inapotofautiana na kemo. Madhara yake huja na sura za magonjwa tuliyoyazoea: taifodi, nimonia, malaria, kifua kikuu, kisukari. Mgonjwa na ndugu anayemuuguza wakilijua hilo, na wakalipanga kabla ya dripu ya kwanza, wamejikinga na hatari kubwa kuliko zote. Tunayoandika hapa hayachukui nafasi ya daktari wa saratani. Yatakusaidia kumuuliza ya maana, na kujua siku ya kutosubiri kliniki ijayo.

Dawa hizi zinafanya nini

Seli T za damu ndizo askari wanaoua seli za saratani. Mwili umeziwekea breki zisije zikashambulia viungo vizima, na melanoma huzikanyaga breki hizo ili isiguswe. Ipilimumabu huachia breki moja iitwayo CTLA-4. Nivolumabu na pembrolizumabu huachia nyingine, PD-1. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ugunduzi wa breki hizi mbili. Breki ikiachiwa, askari wale wale wanaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini, tezi, viungo vya maungio au moyo. Ndiyo maana madhara hutibiwa kwa kuituliza kinga. Antibayotiki haiwezi kazi hiyo.

Hakikisha haya kabla ya kuchagua

Kwa watu weusi melanoma nyingi huanzia unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Ndiyo aina iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Aina hii huitikia tiba ya kinga kwa kiwango cha chini kuliko melanoma za ngozi iliyochomwa na jua, na takwimu nyingi utakazosomewa zimetoka kwa wagonjwa weupe. Tiba bado inafaa kujaribiwa, ila mwambie daktari akupe matarajio ya aina yako, asikupe ya melanoma kwa jumla.

Majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa ili kipimwe) yataje wazi kuwa ni melanoma, pamoja na vipimo vya maabara vilivyothibitisha, kama S100, HMB-45 au Melan-A. Uliza bloku ya nta yenye kinyama chako imehifadhiwa wapi, kwa sababu itahitajika kupima jeni ya BRAF, ambayo ikiwa imebadilika kuna vidonge vyake. Karibu nusu ya melanoma za ngozi ya kawaida zina badiliko la BRAF V600. Za unyayoni na kiganjani ni chache zaidi, lakini zipo. Kwa aina hiyo ya unyayoni, omba na jeni nyingine, KIT, ipimwe. Ukikosa kipimo hiki mwanzoni, utakikimbizia baadaye ukiwa taabani, na majibu huchukua wiki kadhaa.

Picha za CT za kifua, tumbo na nyonga zipigwe, na MRI ya ubongo kama inapatikana, kwani melanoma hupenda kwenda kichwani kimyakimya. Kiwango cha kimeng'enya kiitwacho LDH kwenye damu nacho ni muhimu: kikiwa juu, ugonjwa ni mzito na una kasi.

Kisha vipimo vya kulinganishia baadaye: FBP (picha kamili ya damu), ini, figo, sukari, TSH na T4 (vipimo vya tezi ya thairoidi), homoni ya kortisoli ya asubuhi, ECG (umeme wa moyo) na kama inawezekana troponini (kipimo cha damu cha kuumia kwa moyo), na kiwango cha oksijeni. Pima VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu. VVU si kizuizi kama virusi vimedhibitiwa. Homa ya ini B nayo hufunikwa kwa dawa yake, tenofoviri mara nyingi. Vipimo hivi huonekana kama gharama ya ziada mgonjwa akiwa mzima. Mwezi wa tatu majibu ya ini yakipanda, ndivyo vitakavyosema kama yalikuwa hivyo tangu zamani.

Mweleze daktari kama una ugonjwa wa kinga kujishambulia (lupasi, baridi yabisi, soriasisi ya ngozi), kama umepandikizwa figo, na kama unatumia prednisoloni kwa jambo lolote. Mitishamba itaje yote, hata ile ya "kusafisha damu". Baadhi hupandisha vimeng'enya vya ini, na ikitokea hivyo hakuna atakayejua ni dawa au ni mti. Ushauri wetu ni kuisimamisha yote muda wote wa tiba.

Dawa moja, mbili kwa pamoja, au vidonge?

Huu ndio uamuzi mgumu, na haufai kufanywa kwa haraka ya siku moja.

Utafiti mkubwa uliolinganisha njia hizi, CheckMate 067, ulifuatilia wagonjwa miaka 10. Waliopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu, asilimia 43 walikuwa hai. Nivolumabu peke yake, 37. Ipilimumabu peke yake, 19. Upande wa pili wa mizani ni huu: madhara makali yaliwapata karibu 6 kati ya 10 waliopewa mbili kwa pamoja, na takriban 1 kati ya 4 waliopewa nivolumabu peke yake.

Dawa mbili zina uzito zaidi pale saratani ilipofika ubongoni, LDH ikiwa juu, au ugonjwa ukiwa na kasi. Dawa moja inafaa zaidi kwa mtu mwenye umri mkubwa, mwenye maradhi mengine, au mwenye ugonjwa mdogo. Sisi tunaongeza kigezo kingine ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: umbali. Mtu anayeishi safari ya basi ya siku nzima kutoka hospitali yenye CT na dawa za dharura asichukue dawa mbili halafu akarudi kijijini. Atafute ndugu wa kukaa naye karibu na hospitali kwa wiki 12 za mwanzo, au achague dawa moja.

Kama BRAF imeonekana, kuna vidonge, kwa mfano dabrafenibu pamoja na trametinibu. Huteremsha ugonjwa upesi, ndani ya siku au wiki, lakini kwa wengi saratani hujifunza kuvikwepa. Utafiti wa DREAMseq ulionyesha kuwa kwa wenye BRAF, kuanza na dawa mbili za kinga na kuweka vidonge akiba kulileta uhai zaidi: asilimia 72 walikuwa hai miaka miwili baadaye, dhidi ya 52 walioanza na vidonge. Mgonjwa aliyezidiwa, ambaye hana wiki za kusubiri kinga iamke, huanza na vidonge. Ajue tu kwamba homa kali ni madhara ya kawaida ya jozi hiyo. Apime malaria, na vidonge asimamishe kwa maelekezo ya daktari mpaka homa itulie.

Kama saratani iko kwenye mitoki tu na inaweza kukatwa, uliza kuhusu kuanza na dripu kabla ya upasuaji. Utafiti wa NADINA wa mwaka 2024 ulionyesha faida kubwa kwa dozi 2 tu zilizotangulia kisu.

Dozi na pesa

Pembrolizumabu hutolewa mg 200 kila wiki 3 au mg 400 kila wiki 6. Nivolumabu ni mg 240 kila wiki 2 au mg 480 kila wiki 4. Jozi ya kawaida ni nivolumabu mg 1 kwa kila kilo na ipilimumabu mg 3 kwa kila kilo, kila wiki 3 mara 4, kisha nivolumabu peke yake. Kuna mpangilio uliogeuzwa, nivolumabu mg 3 na ipilimumabu mg 1 kwa kilo. Katika utafiti madhara makali yalipungua kutoka asilimia 48 hadi 34, na ipilimumabu inayonunuliwa ni kidogo. Uulizie.

Liulize na hili: pembrolizumabu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa melanoma, dozi ilikuwa mg 2 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji mg 100, yaani kichupa kimoja badala ya viwili. Si jambo la kujipunguzia nyumbani, ila ni swali halali kabisa kwa daktari wako, na linaweza kugawa gharama nusu kwa nusu. Nivolumabu na pembrolizumabu Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa melanoma iliyosambaa mwaka 2019, hoja inayofaa kutajwa unapoandika barua ya kuomba bima au msamaha wa gharama.

Ukichangisha, usianze na pesa ya dripu moja ukitumaini nyingine itapatikana. Hesabu dripu za wiki 12, CT ya kutathmini, vipimo vya damu kabla ya kila dripu, na fungu la dharura lisiloguswa. Fungu hilo ni la maana kuliko dripu ya tano.

Pale familia inapotakiwa kununua dawa yenyewe, kichupa kiwe na namba ya toleo na tarehe ya kuisha, kitoke kwa muuzaji aliyesajiliwa na mamlaka ya dawa (TMDA Tanzania, PPB Kenya), na kipate risiti. Huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hakigandishwi wala hakitikiswi. Kwenye kisanduku cha baridi usikilaze juu ya barafu moja kwa moja. Tandika kitambaa kinene katikati. Mpira wa dripu unahitaji kichujio chake maalumu, ulizia mapema kama hospitali inacho, kwani mgonjwa anaweza kufika asubuhi na kurudishwa kwa kukosa kitu hicho kimoja. Dripu ya pembrolizumabu yenyewe ni dakika 30.

Kadi ya mkononi

Iandike leo, nakala moja kwenye pochi, moja kwa ndugu, na picha kwenye simu. Maneno yawe haya au yanayofanana nayo:

"Natumia PEMBROLIZUMABU, dawa ya kinga ya saratani. Si kemo. Dripu ya mwisho: tarehe ___. Kuharisha, kukohoa, kuishiwa pumzi, homa, manjano, uchovu mkali, kiu kali au maumivu ya kifua yanaweza kuwa madhara ya dawa hii hata miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Tafadhali pima magonjwa ya kawaida, LAKINI mpigie daktari wangu wa saratani kabla ya kunirudisha nyumbani: namba ___. Usinipe chanjo hai, ikiwemo ya homa ya manjano, bila kumuuliza."

Jina la dawa liandike na kwa tahajia iliyo kwenye kichupa. Wanaotibiwa India kisha kurudi nyumbani wanaihitaji kadi hii kuliko wengine. Kabla ya kupanda ndege dai muhtasari wa tiba wenye dozi na tarehe, CD ya picha, na daktari wa nyumbani aliyekubali kwa jina kukufuatilia. Nchi ikidai cheti cha homa ya manjano, omba barua ya daktari ya msamaha.

Mwanamke asishike mimba wakati wa tiba na kwa miezi 4 hadi 5 baada ya dripu ya mwisho, kutegemea dawa.

Kuyatambua madhara

*Utumbo.* Hesabu safari za chooni juu ya kawaida yako. Zikizidi kwa chini ya 4 kwa siku, piga simu na kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS. Zikizidi kwa 4 hadi 6, uonwe siku hiyo au kesho yake. Zikizidi kwa 7, au kukiwa na damu, kamasi au maumivu ya tumbo, nenda hospitali sasa, hata usiku. Choo kipimwe vimelea na bakteria, sawa, lakini amiba ikionekana haimaanishi ndiyo yote yaliyopo. Usitumie loperamidi kunyamazisha: inaficha hesabu, na hesabu ndiyo kipimo chako. Damu isiitwe bawasiri mpaka mtu aangalie.

*Mapafu.* Kikohozi kikavu kipya, au kupanda ngazi ulizozipanda wiki iliyopita na sasa unasimama katikati. Oksijeni ipimwe umekaa, kisha baada ya kutembea dakika chache. Ikishuka ukitembea ni ishara. Eksirei inaweza kuonekana safi, CT ndiyo inayosema. Kifua kikuu kipimwe kwa GeneXpert (kipimo cha makohozi), dawa zake zisianzwe kwa kubahatisha.

*Tezi.* Uchovu usio na mfano, kusikia baridi, kufunga choo: mara nyingi ni tezi ya thairoidi, ambayo huanza kwa kufanya kazi kupita kiasi wiki chache kisha huzimika. Hutibiwa kwa kidonge cha thairoksini na dripu zinaendelea. Kuumwa kichwa kipya, kizunguzungu ukisimama, presha ya chini na kutapika huashiria upungufu wa kortisoli, na huo huua. Zikikosekana homoni zote mbili, haidrokotisoni, inayoziba pengo la kortisoli, hutangulia, thairoksini hufuata, kamwe si kinyume chake. Upungufu huu kwa kawaida ni wa maisha. Ukipata homa dozi ya haidrokotisoni huongezwa maradufu, ukitapika unahitaji sindano ya mg 100 haraka. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu kukaa bila maji na bila dozi ya mchana ni hatari halisi kwake.

*Sukari.* Kiu, kukojoa sana, kukonda ndani ya siku chache. Kongosho imeshambuliwa, inatakiwa insulini, na metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari, haitoshi. Inaweza kumfikisha mtu kwenye koma upesi.

*Moyo na misuli.* Ni nadra, karibu 1 kwa 100, na mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, kuishiwa pumzi, kope kuanguka, kuona viwiliviwili, misuli kuuma na kulegea. Hapa hakuna kusubiri asubuhi.

*Ini* huonekana kwenye damu kabla ya macho kuwa ya njano, ndiyo sababu hakuna dripu bila majibu ya damu. *Ngozi* huwasha na kupata vipele, hutulia kwa krimu ya steroidi. Wengine hupata mbalanga, mabaka meupe yasiyouma. Kwenye ngozi nyeusi huonekana mbali, na majirani wana maneno. Waelezeni nyumbani mapema kwamba si ukoma wala hakuambukizi, na kwamba mara nyingi huwatokea ambao dawa inawafanyia kazi.

Na homa: pima malaria kila mara. Ikiwa hasi, usitibu malaria. Ikiwa chanya, itibu, na bado mpigie daktari wa saratani.

Prednisoloni: makosa mawili yanayorudiwa

La kwanza ni dozi ndogo. Madhara makali hutibiwa kwa mg 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 kwa mg 1 ni mg 60, yaani vidonge 12 vya mg 5, baada ya chakula cha asubuhi. Mfamasia asiyeijua tiba hii atashtuka na kutaka kupunguza. Mwonyeshe kadi na cheti cha daktari.

La pili ni kuacha ghafla kwa kuwa kuharisha kumekoma. Dozi hupunguzwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi. Andika kalenda ya kila wiki ukutani. Dalili zikirudi wakati wa kushuka, usisubiri kumaliza kalenda.

Kabla ya dozi kubwa, muulize daktari kuhusu minyoo ya Strongyloides, iliyopo kwetu. Kwa mtu aliye kwenye steroidi huweza kusambaa mwilini na kuua, na ivemektini huizuia. Ukikaa kwenye mg 20 au zaidi kwa wiki 4, huwa inaongezwa kotrimoksazoli ya kukinga nimonia. Sukari ipimwe. Utumbo usipotulia ndani ya siku 3 hadi 5 za steroidi ya mshipani, hatua inayofuata ni infliksimabu, dawa nyingine ya kuituliza kinga, ambayo haitolewi bila kuchunguza kifua kikuu. Uliza kabla kama hospitali yako inaweza kuipata.

Wengi huogopa kwamba steroidi itaua kazi ya tiba. Steroidi iliyotumika kutibu madhara haijaonekana kufuta faida. Kinachoua ni kuchelewa.

Kusoma CT, na kuacha

CT ya kwanza huwa karibu na wiki ya 12. Ipigwe kwenye mashine ile ile kama inawezekana, na CD uitunze mwenyewe. Kwa wachache, chini ya 1 kati ya 10, uvimbe huonekana umekua kwa sababu seli za kinga zimejazana ndani yake. Mgonjwa akiwa na nguvu, anakula na LDH haipandi, daktari anaweza kurudia CT baada ya wiki 4 hadi 8 kabla ya kuamua. Akiwa anadhoofika kila wiki, usijifariji kwa hilo. Ugonjwa unakua.

Kama ugonjwa umetoweka au umetulia, wengi huacha wakifika miaka 2. Anayeacha mapema kwa sababu ya madhara asikate tamaa: wapo wengi ambao ugonjwa umebaki umelala miaka baada ya dripu chache tu.

Tiba ikishindwa, maswali ni haya: je, ipilimumabu inaweza kuongezwa? BRAF ipo, tutumie vidonge? KIT ipo, imatinibu? Uvimbe mmoja unaosumbua unaweza kukatwa au kupigwa mionzi? Dakabazini, kemo ya zamani, huwasaidia wachache na mara nyingi kwa muda mfupi. Ikubaliwe kwa kujua hivyo, na familia isiuze shamba kwa ajili yake.

Tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, iombwe tangu maumivu yanapoanza, hata dripu zikiwa zinaendelea. Morfini ya maji hunywewa kila saa 4, usiku dozi ya kulalia huongezwa ili mgonjwa asiamshwe na maumivu. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kila unapochukua mpya, kwani chupa mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana mara kumi. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo, isipokuwa kama mgonjwa anaharisha.